Nje ya Kundi

Kila asubuhi ofisini, pale L'Aquila,
naandika neno hili mara thelathini, arobaini,
juu ya barua za watu nisiowajua:
Egregio.
Kidole changu husita kidogo kabla ya koma.

Barua yetu ilikuja Jumanne.
Tarishi hakutaka kuipanda njia ya mawe,
akaiacha kwa muuza jibini, nami nikaibeba hadi zizini,
bahasha ndefu, yenye kidirisha cha nailoni.
Babu Panfilo alijua kusoma namba tu,
zile za vibati vya masikioni mwa kondoo.
"Soma," akasema, mikono ingali ndani ya beseni,
maziwa yaliyoganda yakimfika viwikoni.
Egregio Signor Panfilo—
"Ngoja. Hilo la kwanza ni nini?"
Ni heshima tu, babu. Ni kama kusema mtukufu.
Kila mtu huandikiwa hivyo, hata mdaiwa.
"Kila mtu? Basi hiyo si heshima. Ni muhuri."

Nilikuwa na miaka kumi na sita,
nasoma Kilatini Sulmona kwa mwalimu Ersilia,
aliyetufundisha kuyapasua maneno kama lozi,
ganda huku, kiini huku.
Egregius, aliandika ubaoni. Kivumishi.
E: kutoka, nje ya.
Grex, gregis: kundi.
Kisha akafuta chaki kwenye sketi yake, akasema:
"Msidanganywe na marumaru. Neno hili linanuka samadi."
Kabla halijavishwa majemadari
lilikuwa na manyoya,
lilikuwa na kwato:
bora aliyetolewa katikati ya wenziwe,
asiye na waa, asiye na kifani.

Nikamweleza babu yote hayo, kwa majivuno,
kama niliyelichimba neno mwenyewe.
Aliminya jibini, maji yakachuruzika.
"Aliyetolewa kundini," akarudia polepole.
"Apelekwe wapi?"

Sikuwa na jibu. Kengele ya shule ilikuwa imelia,
ubao ukafutwa.

"Mimi nawajua watokao kundini," akasema.
"Yupo mgonjwa, husimama peke yake, hacheui.
Yupo mkaidi, hufuata jani moja hadi ukingoni mwa genge.
Na yupo mzuri.
Huyo ndiye nimtiaye kamba shingoni kila ikikaribia Pasaka.
Mbwamwitu hajasoma Sulmona,
ila kivumishi chako hicho anakijua. Haya, endelea."

Nikaendelea.
Ilitaka ushuru wa malisho, miaka mitatu ya nyuma, na faini,
ama mlima uachwe wazi kabla ya Oktoba.
Ilitiwa sahihi na mtu
ambaye jina lake halikusomeka.

Nasikia kwa Waingereza neno lilelile limeoza:
huko huitwa hivyo kosa lililopita makosa yote,
lile la kumfanya mtu auinamishe uso.
Siwalaumu. Kutoka kundini ni kutoka tu,
neno halikusema kwa mlango upi.

Oktoba lori likaja, la ghorofa mbili, likinuka dizeli.
Kondoo mia moja na kumi na wawili.
Babu aliwahesabu kwa kuwagusa migongo,
hakuinua macho hata mara moja,
na lilipoondoka alikuwa amesimama pale pale,
fimbo mkononi, mbwa miguuni, uwazi pande zote.
Nje ya kundi. Nililiona neno limevaa koti lake.

Mmoja walimwacha.
Kilema, mguu wa nyuma, mnunuzi alisema hana bei.
Alibaki akitafuna kona ya gunia
kana kwamba hakuna lililotokea.
Babu akamtazama muda mrefu.
"Egregia," akamwita.

Nikafungua kinywa nimsahihishe, mazoea ya shule,
nikakifunga.
Jinsia ya kike. Umoja.
Hakuwa amekosea hata herufi.